VHT wa kijijini kwetu Busia: uzoefu wangu

Niko Busia, upande wa Uganda, jirani na Tororo, na huku malaria haina likizo. Mwaka huu nimemwendea VHT wa kijiji chetu mara tatu kwa ajili ya mwanangu wa miaka 2.

Kwa asiyejua, VHT (Village Health Team, timu ya afya ya kijiji) ni mwanakijiji mwenzako aliyefundishwa kutibu homa, kuhara na kifua kwa watoto walio chini ya miaka 5, bila malipo. Katika ngazi za afya za Uganda wao ndio kituo cha daraja la kwanza. Jengo hakuna. Kwetu sisi jengo ni veranda ya mama mmoja wa makamo, na stoo ni mkoba ulio chini ya kitanda chake.

Mara ya kwanza ilikuwa saa 4 usiku. Mtoto anachemka, mwenye boda anataka elfu 10. Nikapiga hodi. "Karibu mwanangu, mlete kwenye taa." Hakukimbilia dawa. Aliuliza kwanza: anakunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Ingekuwepo hata dalili moja ya hatari, angetutuma kituo cha afya usiku uleule. Akavaa glavu, akamtoboa kidole, tone la damu likaingia kwenye kipimo, tukasubiri dakika 15. Nilipoona mstari wa pili unajitokeza nikamwambia, "Mama, si ndiyo hiyo?" Akanionyesha saa ya simu yake: bado.

Ilikuwa malaria kweli. Kidonge cha kwanza cha Coartem, dawa ya malaria, mtoto alikinywa palepale mbele yake. Cha pili baada ya masaa 8, halafu asubuhi na jioni mpaka vitimie 6 kwa siku 3, akiwa amekula au kunywa maziwa. Siku ya pili homa ilikwisha, nami nikawaza kuficha vilivyobaki kwa ajili ya siku nyingine (tusidanganyane, wengi tunafanya). Siku ya nne asubuhi huyo mlangoni, anaomba kuona pakiti tupu. Bahati yangu nilikuwa nimemaliza.

Mara ya pili ni kikohozi. Alimpandisha fulana, akahesabu pumzi dakika nzima. Mtoto akalia katikati, akaanza upya. 46. Kwa umri wake, kuanzia 40 ni dalili ya nimonia. Kufungua mkoba, amoksilini hakuna, imekwisha wiki kadhaa. Akaniandikia karatasi ya rufaa. Kituoni nilipanga foleni mpaka mchana, na mwisho wakaniambia nikanunue dukani. Hapo nilikasirika sana, ila si na yeye. Hana mshahara, anaacha mihogo yake shambani aje kuhesabu pumzi za mwanangu, na mkoba ukiwa mtupu yeye ndiye anaitwa mwizi wa dawa. Nimelisikia neno hilo kisimani.

Kwa hiyo yeye nampa 9 kati ya 10. Ugavi wa dawa nauwekea 3, na hapo nimeuhurumia.

Mara ya tatu mtoto aliharisha. ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki zilikuwepo, zinki ya siku 10. Alipopona nikampelekea mkungu wa matoke kumshukuru. Alipokea, akashukuru, kisha akauliza, "Na jana alilala ndani ya neti?"

Neti ilikuwa kwenye kamba, nimeifua tangu Jumapili.