Povu au Maji? Dawa ya Kipara Ninayopaka Hapa Mbeya, na Kile Kichupa Msichopaswa Kununua

Mambo vipi wanangu, karibuni tena kwenye chaneli. Wazee wangu mnaotufuatilia, shikamooni. Leo mezani nina kopo la minoksidili ya povu, asilimia 5. Nina na pacha wake wa maji. Halafu kuna hiki kichupa cha tatu ambacho kimenikera kwelikweli, nacho nakuja nacho. Msiondoke.

Minoksidili mnaijua, sitawasomea karatasi yake ya maelezo. Vijana pale Mwanjelwa wananunua kuotesha ndevu, kaka zao wananunua kwa ajili ya kipara, na dawa ni ile ile. Ilianza kama kidonge cha presha, Marekani wakakipitisha mwaka 1979, wagonjwa wakaanza kuota nywele hadi sehemu wasizotarajia, na mwaka 1988 ikapitishwa ya kupaka kichwani. Kwa hiyo kama una shida ya moyo au presha, muone daktari kwanza. Twende kwenye povu.

Sogeza kamera. Naanza na ya maji ili mwelewe ninachosema. Navuta kwa dropa mpaka kwenye mstari wa mililita moja, natonesha hapa kwenye pembe ya paji, pale nywele zinaporudi nyuma. Umeona? Imeshafika kwenye nyusi! Dawa uliyoilipia inakwenda usoni, na ndiyo maana wengine wanaota vinywele vya malaika mashavuni wakashangaa. Sasa nagusa kichwa: kinanata. Hiyo ni propilini glikoli, kimiminika kinachoshikilia dawa humo ndani, na mara nyingi ndicho kinachowasha na kuleta magamba kama mba. Mtu ananiandikia, "kaka, minoksidili imenikataa." Ndugu yangu, huenda kilichokukataa ni hicho kimiminika, dawa yenyewe hata hujaijaribu vizuri. Povu halina hicho kitu.

Haya, povu lenyewe. Limetengenezwa liyeyuke likikutana na joto la ngozi. Watu wa Dar wananilalamikia kwamba linaishia vidoleni kabla halijafika kichwani, na karatasi inawaambia wanawe vidole kwa maji ya baridi kwanza, wavikaushe. Sasa wewe uko Mbeya, mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, umetoka kunawa maji ya bomba. Angalia hapa. Nakamua nusu ya kifuniko. Naligeuza kidole, halidondoki. Natenganisha nywele, naligusisha kwenye ngozi, limekaa pale pale nilipoliweka, nalisugua taratibu, linayeyuka likiwa tayari kichwani. Rudia hiyo mhariri, polepole. Hakuna tone lililoteremka. Nawaambia ukweli, hii dawa kama ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kwenye baridi, wa Uyole na Makete.

Ila baridi hiyo hiyo ina mtego wake: mzula. Ukipaka na kuvaa mzula hapo hapo, unaipaka kofia dawa. Subiri kichwa kikauke kabisa. Usiku vilevile, usikimbilie mto, na zaidi kama nyumbani mna paka, maana minoksidili inaua paka hata kwa kiasi kidogo cha kulamba. Hilo sikuliona limeandikwa kwenye kopo nililouziwa, na naona lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa.

Unapaka asubuhi na jioni. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kupukutika zaidi, watu wanaogopa wanaacha. Usiache, zile za zamani zinapisha mpya. Ipe miezi minne ndipo uanze kujipiga picha. Na wapo ambao haitawasaidia hata wapake vipi, kwa sababu ngozi ya kichwa inatakiwa iwe na kimeng'enya cha kuibadilisha dawa iwe katika hali inayofanya kazi, na si kila kichwa kinacho cha kutosha. Ukiacha kupaka, ulichokipata kinaondoka. Naumia kulisema hilo lakini lazima mlijue kabla hamjatoa hela.

Bei sasa. Hapa mjini mimi povu nimeuziwa karibu mara mbili ya maji. Nilipoanza kupanga video hii nilitaka kusema chukueni maji, tuokoe hela. Lakini nikifikiria kinachomwagika kwenye nyusi na wanaoacha kwa sababu ya kuwashwa, naona povu ndilo la kuanza nalo. Kama ngozi yako haina shida na mfuko umebana, maji yatakufaa.

Mmeuliza sana kuhusu mafuta ya rozimeri. Ule utafiti wa Iran wa mwaka 2015 ulilinganisha rozimeri na minoksidili ya asilimia 2, ile dhaifu, kwa miezi sita, na hawakuona tofauti kubwa kati ya makundi mawili. Basi. Watu wameshikilia hapo kana kwamba imeshinda. Na juisi ya kitunguu? Utafiti wa Baghdad wa mwaka 2002 ulihusu nywele zinazonyonyoka kwa mabaka, ugonjwa mwingine kabisa. Kipara cha kurithi hakitibiwi na kitunguu, wanangu, acheni kwenda kazini mnanuka.

Sasa hiki kichupa. Kimeandikwa RU58841. Aliyekiuza mtandaoni, simtaji, anawaambia watu ni "minoksidili ya kizazi kipya". Hakina karatasi, hakina namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa hapa Tanzania, na hapa chini kwa maandishi madogo, zumu, wameandika ni kwa matumizi ya utafiti tu. Hii kitu ilitoka kwa kampuni ya dawa ya Roussel Uclaf ya Ufaransa, ikaachwa njiani, hakuna nchi iliyowahi kuipitisha kama dawa ya kipara. Sijakifungua na sitakifungua. Kijana wa Iringa kanitumia picha, kakinunua kwa hela ya ada. Nimekasirika, siwezi kuficha.

Wazo lililo nyuma yake ni zuri, na ndipo watu wanapopigwa. Minoksidili haigusi chanzo. Chanzo ni homoni ya DHT, inaingia kwenye mzizi wa nywele kama ufunguo kwenye kufuli, na mzizi unasinyaa mwaka hadi mwaka. Dawa mpya zinataka kuziba lile tundu la kufuli pale pale kichwani, bila kugusa homoni za mwili mzima. Klaskoteroni ndiyo iliyofika mbali. Krimu yake ya asilimia 1, Winlevi, ilipitishwa Marekani mwaka 2020 kwa chunusi. Ya kipara ni ya asilimia 5, na mwishoni mwa 2025 kampuni ya Cosmo ilitangaza matokeo mazuri ya majaribio mawili ya awamu ya tatu, yale makubwa ya kabla ya kuomba kibali. Hiyo naisubiri kwa hamu. KX-826 ya kampuni ya Kichina ya Kintor inafanana nayo, lakini mwaka 2023 awamu yake ya tatu huko China haikuishinda kwa uhakika dawa bandia ya kulinganishia. Unaona kwa nini nasema subirini majaribio yaishe?

PP405, dawa nyingine ya kupaka iliyo kwenye majaribio, inakwenda njia nyingine, inaamsha seli za mzizi zilizolala. Imetoka chuo cha UCLA huko Marekani, na mwaka 2025 kampuni inayoiendeleza, Pelage, ilisema asilimia 31 ya wanaume wenye kipara kilichokomaa walipata ongezeko la zaidi ya asilimia 20 ya wingi wa nywele ndani ya wiki nane. Kwenye kundi lililopewa dawa bandia, hakuna hata mmoja. Moyo unadunda. Lakini ni jaribio dogo, na haiuzwi popote, kwa hiyo ukiiona kwenye simu yako inauzwa, funga hiyo simu.

Finasteridi ya kupaka, dawa inayopunguza ile DHT, ipo kihalali katika baadhi ya nchi za Ulaya. Hata hivyo Aprili 2025 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu zile zinazochanganywa dukani, baada ya kupokea malalamiko ya sonona na ya nguvu za kiume. Mke mjamzito asiiguse, wala asiguse mto wako.

Kabla hujanunua chochote, ulizia usajili wake TMDA. Na kama nywele zinanyonyoka kwa mabaka, au ngozi inauma, hilo ni la daktari wa ngozi, kopo hili halikuhusu.

Mliojiunga wiki hii, ndaga fijo, asanteni sana. Video ijayo naleta rola ya sindano, ile yenye vijisindano vya kutoboatoboa ngozi ya kichwa: kuna utafiti wa India wa mwaka 2013 ulioichanganya na minoksidili na ukaishinda minoksidili peke yake. Niandikieni hapo chini mnataka nijaribu sindano ya milimita ngapi.