Wakili wa peke yake Nairobi: ofisi mjini au meza ya nyumbani?
Nimejaribu zote mbili: chumba cha kupanga katikati ya jiji, kisha meza ya kulia chakula kwangu Ruaka.

Ofisi ya mjini ina mlango unaofungwa. Saa kumi na moja jioni nazungusha ufunguo, napanda matatu, na jalada la mteja linabaki kabatini. Lakini kodi haijui mwezi wenye wateja na usio nao, na ukiwa na kesi katika mahakama za Milimani saa tatu asubuhi unatoka nyumbani watoto wangali wamelala.

Nyumbani kumekuwa rahisi kuliko zamani. Tangu Julai 2020 mahakama za Nairobi hupokea nyaraka kwa mtandao, na kesi nyingi hutajwa kwa video. Nimewahi kujibu "Naam, Mheshimiwa" nikiwa na koti na tai juu, ndala chini, sufuria ya maharagwe ikifoka jikoni. Shida ni usiku. Huna karani wa kukupokelea simu. Mteja wa talaka anapiga saa nne, jalada liko pale pale kando ya chumvi, nawe unajikuta umelifungua. (Mke wangu alianza kuliita mgeni.)

Likizo ya Mahakama Kuu, Agosti 1 hadi Septemba 15, haijanipumzisha kokote; ndipo ninapoandika hati zilizolala.

Kwangu mji umeshinda, ila siku tatu tu kwa wiki. Chumba nagawana na wakili mwenzangu. Jumanne na Alhamisi kiti ni chake.