TAHADHARI: Doki za laptopu "za mashine zote" hapa Mwanza mjini

Wana Mwanza, habari za saa hizi. Nimesubiri siku nne zipite ndipo niandike, maana siku ile ningeandika matusi matupu. Nimepigwa shilingi 255,000 kwa doki moja ya laptopu isiyoweza kuwasha hata mausi, na aliyenipiga bado yuko kazini. Kama wewe au ofisi yenu mnataka kununua doki, yaani kile kidude unachochomeka kwenye laptopu kwa waya mmoja ukapata monita, kibodi, mtandao na chaji kwa mpigo, soma hadi mwisho kabla hujatuma hela.

Mimi kazi yangu ni mahesabu. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, watu ambao daftari linanuka dagaa lakini hesabu haipotei hata mia. Kazi yenyewe inataka monita mbili: huku taarifa ya benki, huku mauzo, macho yanacheza katikati. Kwa miaka nilikuwa na Dell Latitude E6430 na doki yake ya E-Port, ile bapa inayokaa mezani. Unailaza laptopu juu, inalia "kacha", kila kitu kinawaka. Sikuwahi kukaa chini nikafikiria doki ni nini.

Kilichonitoa kwenye raha hiyo ni Windows 10. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine kama yangu, ya mwaka 2012 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 3, haiko kwenye orodha ya zinazokubalika Windows 11. Hiyo inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mahesabu ya watu siwezi kuyaweka kwenye mashine isiyopata tena masasisho ya usalama, kwa hiyo nikajikaza nikanunua laptopu mpya kabisa. (Duka nililonunulia laptopu halina kosa, msije mkawashambulia.) Nyembamba, nyepesi, ina HDMI moja, USB mbili za kawaida na kijitundu kimoja cha USB-C. Chini ni tambarare kama sinia. Pa kukalia ile E-Port hakuna.

Hapo ndipo nikaingia mjini kutafuta doki, na winga mmoja akanipeleka ghorofani kwa muuzaji wake.

"Mwangaluka dada."

"Mwangaluka kaka. Natafuta doki ya laptopu hii." Nikamtajia modeli, nikamwonyesha na picha ya ubavu wa laptopu niliyokuwa nimepiga kwa simu.

Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda wa kutosha. Kumbukeni hapo. "Ina USB-C? Basi umemaliza. Doki hii ni ya mashine zote za kisasa."

Nikauliza tena, maana hela natafuta kwa jasho: itatoa picha kwenye monita mbili? Na itachaji? Akacheka. "Dada, mimi nataka unirudie na wateja, sio na maneno." Akachomeka ile doki kwenye laptopu yake iliyokuwa mezani. Kweli, monita mbili zikawaka hapo hapo, na alama ya chaji ikatokea. Nikamwambia basi niende Nyegezi nikachukue yangu nijaribu nayo. Akasema ya nini kula nauli mara mbili na jua hili, si nimeshaona kwa macho?

Nikalipa 185,000 kwa simu. Risiti ya EFD, "mashine ina shida leo". Nikapewa karatasi ya kuandika kwa mkono, "doki 1", na chini muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nyumbani mausi ikatembea, kibodi ikaandika, waya wa mtandao ukashika. Monita zote mbili nyeusi. Ujumbe wa kwamba hakuna picha inayoingia ukawa unaelea kona hadi kona kama mtumbwi uliokatika kamba. Na chaji ilikuwa asilimia 64, ikawa 61, ikawa 57, doki imechomekwa ukutani na taa yake inawaka. Nikabadilisha waya za HDMI. Nikazima, nikawasha. Nikasasisha Windows mpaka bando likakata saa sita usiku.

Kesho yake nikarudi, safari hii nikiwa na laptopu kwenye begi. Hakutaka hata kuichomeka. "Tatizo sio doki, dada, si uliiona inafanya kazi? Laptopu yako inataka doki yenye nguvu zaidi. Chukua hii ya Thunderbolt, niongeze 70,000 tu, hii ndiyo kiboko." Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na mahesabu ya mtu yanayotakiwa Ijumaa, nikaongeza. Nilaumuni kidogo, halafu tuendelee.

Hiyo ya pili haikuwasha kitu. Sio monita, sio kibodi, sio mausi. Kimya cha kaburi.

Nikapelekwa kwa fundi mmoja kijana, simtaji maana hajaniruhusu, ambaye hata screwdriver hakuigusa. Aliinamisha laptopu kwenye mwanga wa taa ya meza, akaweka ncha ya kalamu pembeni ya kijitundu cha USB-C. "Soma hapa umeandikiwa nini." Palikuwa na alama ndogo ya USB, ule mkuki wenye matawi, na herufi SS. Basi. "Unaona alama ya D yenye P ndani yake? Unaona radi? Unaona alama ya betri au plagi? Huoni. Tundu hili linapitisha data peke yake."

Maelezo yake ndiyo yamenifanya niandike, kwa sababu sikuwahi kusikia muuzaji yeyote akiyasema. USB-C ni jina la umbo la tundu. Umbo tu. Ndani ya umbo hilo mtengenezaji wa laptopu anaamua aweke nini: wengine wanaweka data pekee, wengine wanaongeza picha kwa njia ya DisplayPort (ndiyo ile D yenye P), wengine wanaongeza kupokea chaji, na wengine wanaweka Thunderbolt (ndiyo ile radi) yenye vyote hivyo. Laptopu za bei ya chini, hata zikiwa mpya na plastiki haijabanduliwa, nyingi zina lile la data pekee. Ni kama mabomba mawili yenye koki sawa, moja limeungwa na tangi na jingine limeishia ukutani.

Sasa doki yangu ya kwanza ni ya aina isiyotengeneza picha yenyewe. Inachukua picha ya DisplayPort inayotoka kwenye laptopu na kuigawa kwenye monita. Laptopu isipotoa picha, doki haina cha kugawa. Ndiyo maana mausi ilifanya kazi na monita hazikuwaka. Ya pili ni Thunderbolt 3 ya kizazi cha mwanzo, na nyingi za kizazi hicho zikichomekwa kwenye USB-C ya kawaida haziongei nayo kabisa. Zilizokuja baadaye, kuanzia mwaka 2018 hivi, ndizo zilianza kujishusha zikafanya kazi kidogo kama USB ya kawaida.

Na laptopu yake ya pale mezani? Fundi akaniuliza kama niliona alama ya radi ubavuni mwake. Nikakumbuka. Niliiona, nikadhani ni alama ya chaji.

Hapa ndipo ninapokataa maneno ya "labda naye hajui". Siku ya kwanza ningeamini hajui. Lakini mtu anayeuza doki kutwa, ambaye laptopu yake ya maonyesho ni ya Thunderbolt inayokubali karibu kila doki, ambaye aliikuza picha ya tundu langu kwa vidole vyake, ambaye siku ya pili alikataa kuichomeka laptopu yangu mbele yangu kisha akanipa doki yenye masharti magumu kuliko ile ya kwanza na kuniongezea bei, huyo anajua. Anajua vizuri.

Nimeuliza uliza, na sipo peke yangu. Mama mmoja mwenye steshenari huku Igoma aliuziwa E-Port, ile ile ya kulazia kama yangu ya zamani, lebo imekwanguliwa, akaambiwa "inaingia Dell zote". Laptopu yake ni Latitude 5420. Chini haina hata tundu la kuilaza, inatumia USB-C pembeni. Cha kuudhi, mashine yake ina Thunderbolt 4, yaani ingekubali doki nzuri bila shida, monita mbili na chaji juu, ila aliuziwa kitu cha Latitude za zamani, enzi za E6420 na E7450. Hizo E-Port zimejaa sasa hivi kwa sababu ofisi zimebadilisha laptopu, doki zimebaki, lazima mtu azibebe.

Kijana mwingine anahariri video za harusi, ana MacBook Air ya M1. Yake iliwaka, monita zote mbili, akashangilia na akaondoka. Alipofika nyumbani akaona zote mbili zinaonyesha picha ile ile. MacBook ya M1 inatoa picha kwenye monita moja tu ya nje, na mfumo wa Mac haukubali doki igawe waya mmoja wa DisplayPort kuwa monita mbili tofauti. Doki ya kumfaa ingekuwa ya DisplayLink, ambayo ina chipu yake ya picha na inahitaji programu iwekwe kwenye kompyuta. Hata hiyo inabebesha prosesa mzigo, kwa kazi ya video sijui kama angeifurahia.

Kuna na mchezo wa waya. Doki nyingi za mtumba zimekatwa au kupotezewa waya wake, unapewa waya wa USB-C wa kuchajia simu. Unaingia vizuri, ila nyingi za hizo hazipitishi picha. Adapta ya umeme nayo uiangalie: doki kama Dell WD19 ilikuja na adapta yake ya wati 130 au 180, wewe ukipewa ya wati 65 ya laptopu nyingine jua umeanza kupunjwa hapo.

Basi nendeni na laptopu yenu. Na waya za monita zenu pia, ikiwezekana. Ichomekwe kwenye mashine YAKO, ukae dakika kumi, uone monita mbili zenye picha tofauti na asilimia ya chaji ikipanda. Muuzaji akisema "nitakujaribia kwenye yangu", shuka ngazi. Modeli kamili iliyoandikwa chini ya laptopu itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, na kwenye maelezo ya USB-C utafute maneno mawili, DisplayPort (picha) na Power Delivery (chaji). Yasipokuwepo, usinunue doki ya USB-C ya kawaida hata ukipunguziwa nusu bei. Mimi sasa monita moja nimeichomeka HDMI moja kwa moja, ya pili nimenunua adapta ndogo ya DisplayLink inayoingia USB ya kawaida. Kwa mahesabu inatosha kabisa.

Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji WhatsApp: "Nataka doki ya laptopu modeli fulani, itoe monita mbili na ichaji," akujibu kwa maandishi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji anataka kitu kwa kazi gani na akategemea utaalamu wake. Mimi niliongea kwa mdomo, na ndiyo sababu napata tabu kuthibitisha. Muamala wa simu ninao, na karatasi yake ninayo. Malalamiko nayaandikia FCC, yaani Tume ya Ushindani, wiki hii. Jina la duka msiniombe hapa wala inbox.

Sasa kilichonifanya niandike leo badala ya kesho. Asubuhi winga kanipigia, sauti tamu: "Dada, ile doki ya Thunderbolt bado unayo? Kuna mteja wa Sengerema anatafuta doki, ana laptopu mpya kama ya kwako. Ilete, tumuuzie, na wewe utapata chako." Nikamuuliza laptopu ya huyo mteja ni modeli gani. Akasema hajui, ila ina USB-C.

Ndugu yangu wa Sengerema, sikujui. Kabla hujavuka daraja la Kigongo–Busisi kuja huku, igeuze hiyo laptopu kwenye mwanga, usome kilichoandikwa pembeni ya kijitundu. Kama ni mkuki na SS peke yake, na tovuti ya mtengenezaji nayo haitaji DisplayPort, baki na nauli yako. Doki yao ninayo mimi, na hairudi pale dukani.