Siku mbili katika msitu wa Amani, Muheza

Sisi wakazi wa Tanga mjini tukitamani baridi ya milimani hukimbilia Lushoto, na Amani tunawaachia watafiti na wageni wa Ulaya, ilhali maji ya Mto Sigi yanayojaza bwawa la Mabayani, ambayo ndiyo tunayoyakinga mabombani kila siku, yanateremka kutoka katika misitu hiyo ya Usambara Mashariki. Januari iliyopita nilikwenda huko na mjomba wangu, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Muheza na ambaye, kwa aibu yake mwenyewe, hakuwahi kufika.

Ajuaye hifadhi za simba na tembo ajue mapema kwamba hii si hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza kutangazwa nchini, mwaka 1997, na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kinachotazamwa hapa ni miti, ndege, vipepeo, vinyonga na maua madogo yanayotaka mtu ainame.

Tulikodi gari Tanga, na hilo ndilo kosa pekee ninalojutia. Dereva alituapia kwamba gari lake linapanda popote, lakini tulipovuka Sigi, penye tope jekundu, alituteremsha mara tatu tutembee, na tulipofika akadai nyongeza kwa usumbufu ambao sisi ndio tulioupata. Ningeshauri basi la kutoka Muheza, ambalo hata likichelewa, dereva wake anaijua kila kona ya mlima.

Sigi penyewe, mahali palipo na jina la mto huo, panastahili kusimama kwa saa nzima. Wajerumani walijenga tawi la reli kutoka Tengeni hadi hapa, nalo lilitumika kuteremsha mbao. Reli iling'olewa zamani, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni imebaki, na sasa ndiyo kituo cha maelezo kwa wageni. Mjomba alikaa barazani humo akitafuta kwa macho njia ya treni ilikopita, hata mwongoza wageni akamwambia kwa upole, "Mzee, tupande, jua halitusubiri."

Kijana huyo ndiye aliyeipa safari thamani yake. Kwenye mwamba wenye kivuli kando ya kijito alituonyesha dughulushi, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina la Saintpaulia. Leo linauzwa vyunguni katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, na mimi niliyezaliwa umbali wa saa chache kutoka kwenye mwamba wake nililiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 41. Mjomba alinyoosha mkono alichume. "Hapana, mzee wangu, hilo tunaliangalia tu," akaambiwa, akaurudisha mkono kama mwanafunzi.

Juu, kwenye takriban mita 900, ndipo ilipo bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 pamoja na taasisi yao ya utafiti wa kilimo, ambayo baadhi ya majengo yake yalikuja kuwa kituo cha utafiti wa malaria. Waliotaka kujua zao gani lingestawi katika koloni lao walileta mikwinini, mikafuri, midalasini na mamia ya miti mingine. Mmoja kati ya miti iliyoletwa Amani, Maesopsis, umegeuka mgeni asiyeaga: hondohondo hula matunda yake na kuziangusha mbegu mbali, nao huota haraka kila penye uwazi na kuibana miti ya asili. Nilifurahi kwamba mwongozaji hakulificha jambo hilo ili kutupendezesha mandhari.

Nyumba ya zamani tuliyolala, ambayo sitaitaja jina, ina baraza pana, mbao nzito na ukimya ambao mtu wa Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, huuona kama maradhi. Chakula kilikuwa wali, maharage na mchicha, kitamu lakini kilifika saa tatu usiku ingawa tulikiagiza saa kumi, na maji ya moto yaliletwa kwa ndoo. Mjomba alilalamikia godoro. Mimi nililala fofofo. Kabla ya hapo tulikuwa tumetembea gizani kwa tochi, na sitasahau kinyonga mwenye pembe tatu aliyelala juu ya jani, mweupe kama karatasi kwenye mwanga, asijue kwamba watu watatu wazima wamesimama wakimstaajabia.

Atakayekwenda avae viatu vya kukamata utelezi, achukue koti hata kama Tanga kunachemka, na awe na fedha taslimu, kwa kuwa mtandao wa simu ulitusumbua hata wakati wa kulipa kiingilio. Iliki na pilipili manga zinunuliwe kwa wakulima njiani, kwani ni mbichi na zinanukia kuliko za sokoni. Deni la malazi lilipwe usiku, maana basi tulilorudi nalo liliondoka kabla ya jua kuchomoza, na mjomba alipanda akiwa na kiatu kimoja mkononi.