Sindano tano za Simba: uzoefu wangu wa kutibu uvimbe wa mdomoni kwa mbwa, Tabora

Simba alianza kuacha mate yenye damu kwenye bakuli lake. Nilipomfunua mdomo nikaona nyama imeota juu ya fizi, nyekundu, ina vinundu kama koliflawa. Duka la dawa za mifugo nililoanzia waliniuzia antibayotiki mara mbili bila hata kumwona mbwa. Wiki tatu zikapotea, nyama ikazidi.

Daktari wa mifugo aliyekuja nyumbani, Isevya, siku hiyo hakuandika dawa yoyote. Aligandamiza kipande cha kioo kwenye uvimbe, akaenda kukitazama kwa darubini. Jibu: saratani ya kuambukizana ya mbwa, ile inayoonekana zaidi sehemu za siri. Seli hai za uvimbe ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa, kwa kupandana, kunusana na kulambana. Na Simba namjua, hapiti mbwa bila kumnusa. Nilikuwa nimesoma habari za Oncept, chanjo ya melanoma (saratani ya seli za rangi) ya mdomoni iliyopata leseni kamili Marekani mwaka 2010, nikamuuliza. Akacheka: hiyo ni ya saratani nyingine, usihangaike nayo.

Tiba ya Simba ilikuwa vinkristini, sindano ya mshipani mara moja kwa wiki. Dawa hii asili yake ni yale maua ya Madagaska ambayo mama kayapanda uani miaka yote, sisi tukiyaona pambo tu. Kuchoma ndiyo kazi. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, kwa hiyo tulimshika watu watatu, na daktari hakusukuma dawa mpaka kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, ikae sawa. Kabla ya kila dozi alipima damu, maana dawa hushusha chembe nyeupe. Wiki ya tatu zilikuwa chini, tukaahirisha. Simba naye alisusa chakula siku mbili, hata dagaa wa Kigoma.

Baada ya dozi ya pili uvimbe ulibaki nusu. Ya nne, fizi laini. Akaongeza ya tano.

Gharama yote na vipimo ilipita kidogo shilingi 300,000. Nampa daktari nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya glavu: mkojo na kinyesi cha mbwa aliyechomwa dawa hii havishikwi mikono mitupu, na mimi niliambiwa siku ya tatu, watoto wameshafagia banda.

Simba sasa hatoki getini. Jirani mwenye jike nimemwambia naye amwite daktari.