Kompyuta za kuhariri video za HD kwa pesa kidogo: nazipanga kuanzia ile ya kununua kwanza

Laptopu ya kwanza niliyonunua kwa kazi ya mikanda ya harusi ilikuwa na stika ya i7, jina la prosesa za juu za Intel (i5 ndiyo ya kati), na kwa kweli stika ndiyo niliyoilipia. Nilipoweka picha za kamera mbili pamoja, video ikawa inaruka kama CD iliyochubuka. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ilikuwa i7-7500U, ambayo ina kori mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufanyia kazi. Mwenzangu tuliyekuwa tunachangia chumba cha kazi alikuwa na i5-8250U ya kizazi kilichofuata. Hiyo ina kori nne, na yeye alikuwa anakabidhi kazi nami bado nasubiri mashine itoe faili. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "nimepata i7 kwa bei nzuri", huwa namuuliza kwanza: i7 ya kizazi gani?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya namna video inavyohifadhiwa. Fremu moja ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili, na kamera zetu nyingi hupiga fremu 25 kwa sekunde. Kamera haiwezi kuandika yote hayo kwenye kadi, hivyo huyabana kwa H.264: inahifadhi fremu chache nzima, na kwa zile za katikati inahifadhi tofauti tu. Ukitaka kukata pale bibi harusi anapogeuka, kompyuta inabidi irudi nyuma hadi fremu nzima iliyo karibu, kisha ijenge upya zote zinazofuata mpaka ifike ulipo. Fanya hivyo mara elfu moja kwa usiku mmoja na utaelewa kwa nini mashine inachemka. Simu za siku hizi, iPhone zikiwemo, hutumia H.265, ambayo inaokoa nafasi lakini ni kazi nzito zaidi kuifungua.

Intel walianza mwaka 2011 kuweka ndani ya prosesa zao kipande maalumu cha kufungua na kubana video, kinaitwa Quick Sync. Kwa H.265, pamoja na ile ya biti 10, yenye rangi nyingi zaidi, inayotoka kwenye iPhone zenye HDR, kipande hicho kilikamilika katika kizazi cha 7. Kizazi cha 8 ndipo i5 za kawaida zilipoongezewa kori, na kwa kawaida ndipo Windows 11 inapoanzia kukubali. Windows 10 ilimaliza kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiunganisha hayo yote unapata sharti langu moja lisilovunjwa: kwa Intel, usishuke chini ya kizazi cha 8. Kukijua ni rahisi. Soma tarakimu inayofuata kistari, na ikiwa ni 1 soma mbili za kwanza: i5-8500 ni ya 8, i7-2600 ni ya 2 na ni ya mwaka 2011, hata kama muuzaji ameisugua inang'aa.

Masharti mengine mawili. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, iwe GB 16, na ikiwa ni mbao mbili za 8 ni bora kuliko moja ya 16, kwa sababu mashine inazisoma kwa pamoja. Kisha SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Piga hesabu nami: kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde inakula karibu GB 22.5 kwa saa. Harusi ya saa sita kwa kamera mbili ni GB 270. Kwa hiyo SSD ya GB 256 haitoshi hata harusi moja. Weka SSD ya GB 512 au TB 1 kwa kazi iliyo mkononi, na diski ya kawaida inayozunguka kwa kuhifadhi zilizokwisha kukabidhiwa.

Ya kwanza: kompyuta ya mezani ya ofisini, iliyotumika

Dell OptiPlex 7060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M920. Hizi ni mashine ambazo makampuni ya nje yanazitoa zinapotimiza muda wao, nazo zinafika Kariakoo na Luthuli Avenue zikiwa bado na nguvu. Ndani utakuta i5-8500 yenye kori sita, au i7-8700 yenye kori sita zinazoshika kazi kumi na mbili kwa wakati mmoja. Hulipii betri, hulipii kioo chembamba, na kila fundi wa mtaani anaijua. RAM ikifa unabadilisha kwa dakika tano.

Ila angalia umbo, maana hapa wengi wanaumia. Jina moja linauzwa kwa maumbo matatu. Kuna mnara wenyewe, kuna ile nyembamba ya kulaza, na kuna ile ndogo kama kitabu. Chukua mnara. Ile nyembamba inapokea kadi za picha (GPU) fupi tu, ambazo ni chache na bei yake iko juu. Ile ndogo haipokei kadi ya kawaida kabisa. Unaweza kuanza kazi bila kadi, ukitumia sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa ya Intel, na ukaongeza baada ya harusi mbili tatu.

Ukifika wakati wa kadi, GTX 1650 ya NVIDIA yenye GB 4 inatosha HD vizuri sana. Ni ya wati 75, kwa hiyo matoleo yake mengi hunywa umeme kutoka kwenye ubao mkuu wa kompyuta bila waya wa ziada, jambo la msingi kwenye mashine za ofisi zenye pawasaplai ndogo. Hakikisha toleo unalopewa halina tundu la waya. GTX 1050 Ti ni mdogo wake na inafaa. Lakini usiuziwe GT 1030 kwa maneno kwamba "nayo ni NVIDIA": haina sehemu ya kubana video, hivyo haitakusaidia wakati wa kutoa faili. AMD RX 6400 nayo ni hivyohivyo, ingawa kwenye michezo inasifiwa. Pia zipo kadi za kale zilizobadilishwa jina zionekane mpya. Weka programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z kwenye flashi yako. Kadi ya namna hiyo mara nyingi inaiandikia neno FAKE waziwazi.

Gharama ambayo watu husahau ni UPS, ile betri ya akiba ya umeme. Umeme ukikatika katikati ya kutoa mkanda wa saa tatu, umepoteza usiku mzima, na diski nayo inaweza kuumia. Iingize kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na kioo cha IPS, aina inayoonyesha rangi vizuri, cha inchi 22 au 24. Kwenye kioo kibovu unasahihisha rangi ya ngozi isiyo na tatizo, na mteja anaiona njano akifika kwake.

Ya pili: MacBook Air M1

Kama kazi yako ni ya kuhama, leo Morogoro kesho Moshi, hii naiweka juu ya laptopu zote za bei ya kati. Ilitoka Novemba 2020, na kipande chake cha video kinafungua H.264 na H.265 kwa wepesi ambao laptopu za Windows za rika lake haziufikii. Inakaa na chaji muda mrefu, na kioo chake ni kizuri. Programu ya kuhariri ya iMovie inakuja bure. Ile nzito zaidi, DaVinci Resolve, inaendeshwa humo vizuri.

Udhaifu wake usiuchukulie kirahisi. RAM na SSD zimechomelewa, ulichonunua ndicho utakachokufa nacho. Nyingi sokoni ni za GB 8 na 256, kwa hiyo ukipata ya GB 16 ongeza pesa uichukue. Haina feni, na kwenye kazi ndefu inapunguza mwendo ili ipoe. Na ukinunua iliyotumika, mwambie muuzaji aifute yote na kuiwasha upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikidai akaunti ya mtu mwingine au ikionyesha kwamba inasimamiwa na kampuni, mrudishie hata kama ameshusha bei.

Ya tatu: laptopu za michezo

Acer Nitro 5, HP Pavilion Gaming na wenzao wenye GTX 1650. Nguvu ni ileile ya mnara wangu wa juu, na inabebeka. Nazishusha kwa sababu ya joto. Nyingi zimechezeshwa miaka, feni zimejaa vumbi, betri zimechoka. Ukiipata safi, mwambie fundi aifungue, aipulize na kubadilisha pesti ya prosesa kabla hujaanza kazi.

Ya nne: ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5

Kwa mwanafunzi au anayeanza chaneli ya YouTube, hapa ndipo pa kuanzia. Zote mbili zina nafasi mbili za RAM. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa. Kwa HD ya kamera moja zinakwenda; kwa kamera mbili tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kukatia, na programu itarudisha picha halisi mwishoni. Angalia kioo tu: zipo za 1366 kwa 768, hizo ziache.

Ya tano, na kwa shingo upande: mashine kubwa zenye Xeon, prosesa za Intel za kazi nzito, kama HP Z440. Kwa macho zinatisha, na bei yake inavutia. Lakini Xeon E5 hazina Quick Sync, kwa hiyo bila kadi nzuri unafungua H.264 kwa jasho la prosesa, na LUKU inakwenda.

Ile ambayo siiweki kwenye orodha kabisa ni laptopu mpya ya dukani, nyembamba, imefungwa kwenye boksi, yenye prosesa dhaifu ya Celeron N4020, RAM GB 4 na hifadhi ya GB 64. Najua wazazi wengi humnunulia kijana wao hiyo wakiamini kipya ni bora. Kwa pesa hiyohiyo au karibu yake, T480 iliyotumika itamfaa kijana mara nyingi zaidi.

Programu zisikumalize pesa. Kwa mashine ya nne tumia Kdenlive au Shotcut; ni za bure na zote zina proksi. Mwenye kadi ya picha na RAM 16 aende DaVinci Resolve ya bure, inatoa hadi 4K, na kwa rangi haina mpinzani wa bei hiyo. Ya kulipia ni dola 295 mara moja tu. Premiere Pro ya Adobe ni nzuri lakini inalipiwa kila mwezi, na zile za kukraki nimeona zikileta virusi vinavyofunga faili zote za mteja kwa nenosiri. Picha za harusi ya mtu hazirudiwi.

Siku ya kwenda kununua, beba flashi yenye picha ulizopiga mwenyewe, za kamera na za simu, si video ya YouTube. Zicheze kwenye mashine hiyo, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Task Manager, upande wa kadi ya picha, kuna grafu ya Video Decode. Ikipanda huku prosesa imetulia, kipande cha video kinafanya kazi. Ikibaki sifuri na prosesa ikagonga asilimia 100, hapo muuzaji akueleze kwa nini. Fungua pia programu ya CrystalDiskInfo uone afya ya SSD. Kwa laptopu, andika powercfg /batteryreport kwenye ile dirisha nyeusi ya amri, usome betri ilikuwa na uwezo gani ilipotengenezwa na imebakiza kiasi gani. Yote hayo ni dakika ishirini, na muuzaji mwenye mzigo mzuri atakuvutia kiti ukae.