Beautiful Soup na maandishi yasiyo na tagi: uzoefu wangu

Kuna kurasa za zamani ambazo aliyeziandika hakumfikiria kabisa atakayekuja kuzisoma kwa programu. Nilizokuwa nazo mimi ni za methali, nimezihifadhi kwenye kompyuta ili nisile bando kila nikijaribu kitu. Kila methali imeandikwa hivi:

<b>Methali:</b> Haba na haba hujaza kibaba<br>

<b>Maana:</b> Kidogo kidogo mwishowe huwa kingi<br>


Angalia vizuri. Neno "Methali" limo ndani ya tagi ya b (tagi ni zile alama za HTML, lugha ya kurasa za wavuti), lakini methali yenyewe haimo ndani ya tagi yake yoyote. Imeachwa tu hapo katikati, baada ya </b> na kabla ya <br>, tagi ya kushusha mstari 
. Ukiomba kila b unapewa vichwa vya habari bila habari. Viteuzi vya CSS, yaani maelezo mafupi ya kuchagua sehemu za ukurasa, navyo havifui dafu hapa, kwa kuwa vinachagua elementi tu (tagi na vilivyomo ndani yake). Hata alama ya + inayotafuta jirani huyaruka maandishi kana kwamba hayapo.

Ndipo nilipoipendea Beautiful Soup, maktaba ya Python ya kusoma na kuhariri HTML, aliyoianzisha Leonard Richardson mwaka 2004. Ni ya bure. Kwake, maandishi yale yaliyoachwa katikati ni nodi kamili (kipande kimoja cha mti wa ukurasa), yana mzazi na yana majirani kama tagi nyingine yoyote. Kwa hiyo unaikamata b, unaandika .next_sibling, na methali yako hiyo hapo. Ukitaka kila kilichofuata hadi <br> 
, unazunguka kwenye .next_siblings na kusimama ukikutana na tagi hiyo. Kazi niliyokuwa naifanya kwa regex (ruwaza ya kutafutia maandishi) ndefu isiyosomeka ikawa mistari michache ambayo hata mwenzangu asiyejua Python vizuri aliielewa.

Lakini jirani si lazima awe yule unayemtarajia. Ile hatua ya kushuka mstari kati ya <br> 
 na <b> inayofuata nayo ni maandishi, kwa hiyo nayo ni nodi. Ukianzia kwenye <br> 
 na kuuliza .next_sibling, jibu ni "\n" na si b. Dawa yake ni find_next_sibling("b"), ambayo haishughuliki na nafasi tupu. Ukishaujua mchezo huu hausumbui, ila wanaoanza wengi hukwamia hapa hapa.

Kitu kingine cha kuzoea ni .string. Tagi ikiwa na mtoto mmoja tu, ambaye ni maandishi, unapewa maandishi hayo. Ikiwa na watoto zaidi ya mmoja, unapewa None, yaani hakuna kitu, basi. Hailalamiki wala haitoi kosa. Aya yenye <br> 
 moja tu ndani yake tayari ni None. Mimi .string nimeiacha kabisa. Nikitaka maandishi yote natumia get_text(" ", strip=True); ile nafasi kwenye mabano ni muhimu, bila hiyo maneno ya pande mbili za <br> 
 yanagandana. Nikitaka yale tu yasiyo ndani ya tagi ya mtoto, natumia find_all(string=True, recursive=False). Hiyo ya pili ina mtego wake: maelezo yaliyofichwa kwenye HTML, yale ya <!-- -->, nayo huhesabiwa kuwa maandishi na yanakuja pamoja na mengine. Ukikagua kama nodi ni ya aina ya Comment, unayaondoa.

Kubadilisha ni raha zaidi kuliko kuchagua. Nodi ya maandishi huwezi kuihariri ilipo, ila replace_with() inaiondoa na kuweka mpya mahali pale pale. Kilichonifurahisha zaidi ni wrap(): unayachukua maandishi yaliyokosa makazi na kuyavika tagi. Kila methali nimeivika span yenye class yake, na tangu hapo viteuzi vya kawaida vya CSS vinaiona bila shida. Kabla ya kuanza kuhamisha vitu, geuza .next_siblings kuwa list kwanza. Kuzunguka kwenye mti huku unaukata matawi ni kujitafutia kesi.

Sasa lililo kubwa kuliko yote, na sijui kwa nini mafunzo mengi hulipitia juu juu: kichanganuzi utakachochagua (programu inayoisoma HTML na kuujenga mti wake) ndicho kinachoamua nani ni jirani wa nani. Kurasa zangu zilikuwa na <p> zisizofungwa. html.parser, inayokuja na Python yenyewe, huiweka p ya pili ndani ya ya kwanza, ya tatu ndani ya ya pili, mpaka unapata kisima kisicho na mwisho. lxml, kichanganuzi kingine, huifunga ya kwanza mara ikiiona ya pili, kama kivinjari kifanyavyo. Ukurasa ni ule ule, skripti ni ile ile, majirani tofauti kabisa. Kwa hiyo andika jina la kichanganuzi waziwazi, BeautifulSoup(html, "lxml"). Ukiacha wazi, itachagua kilicho bora kati ya vilivyomo kwenye mashine husika, na mashine ya mwenzako huenda haina ulichonacho wewe.

Mtu ataniuliza kwa nini nisitumie lxml peke yake, maana ni ya kasi zaidi. Kasi ni kweli, na ukiwa na mafaili mengi mno utaiona tofauti. Tena lxml ina XPath, lugha ya kutafutia vipande vya ukurasa, ambayo inaweza kusema following-sibling::text()[1] na kuyafikia maandishi moja kwa moja. Ila lxml huyahesabu maandishi yaliyo baada ya tagi kuwa mkia wa tagi hiyo, yaani .tail. Ukiiondoa b kwa remove(), mkia unaondoka nayo, na methali imekwenda. Kwenye Beautiful Soup ukiitoa b kwa extract(), methali inabaki ilipokuwa. Kwa kazi ya kusafisha kurasa chafu, mimi hapo sihangaiki kuchagua.

Wakati wa kuisakinisha andika pip install beautifulsoup4, lakini ndani ya skripti unaiita bs4. lxml isakinishe kando, haiji nayo.